Kozi ya Uuguzi kwa Mtandao: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutuma Karo

Chukulia wewe ni nesi wa cheti pale hospitali ya Likoni. Zamu ya usiku imeisha, umekaa kwenye gari la Mtongwe ukielekea nyumbani, macho mazito. Simu inalia. Ni meseji iliyosambazwa kwenye grupu la wauguzi: "Panda kutoka cheti hadi diploma. Miezi sita tu, yote kwa simu yako. Lipia fomu leo, nafasi zimebaki chache." Chini yake kuna nambari ya kutumia pesa. Si Paybill, si Till. Ni nambari ya mtu.

Umechoka, na kweli wataka kupanda ngazi. Mwenzako wa diploma mnafanya kazi ileile wodini lakini mshahara si uleule. Fomu yenyewe ni shilingi elfu tatu na kitu. Kidole kiko juu ya simu.

Makala haya ni ya dakika hiyo. Kusoma uuguzi kwa mtandao ni jambo la kweli na limewasaidia wengi. Lakini ukilianza kwa kutuma pesa, umelianza kinyumenyume. Malipo ndiyo hatua ya mwisho. Kabla yake kuna maswali manne, na yote unaweza kuyauliza bure.

Masomo haya si mapya

Wako wanaosema uuguzi hausomwi kwa kompyuta. Si kweli kabisa. Mwaka 2005, AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture walianzisha mpango wa kuwapandisha ngazi wauguzi wa cheti hadi diploma kwa njia ya kompyuta. Wakati huo Kenya ilikuwa na zaidi ya wauguzi 20,000 wa cheti. Ilikadiriwa kwamba kwa mwendo wa vyuo vya bweni, kuwapandisha wote kungechukua zaidi ya miaka 100. Na ukiwaita wote darasani kwa pamoja, nani atabaki wodini?

Kwa hiyo somo likamfuata nesi alipo. Vituo vya kompyuta viliwekwa katika hospitali mbalimbali nchini, muuguzi akawa anasoma huku akiendelea na kazi. Leo Amref International University inaendelea na masomo ya mtandao yanayochanganywa na ya ana kwa ana, na KMTC nayo imekuwa ikiwapandisha wauguzi kwa masomo ya umbali.

Ila ukiuangalia mpango ule vizuri, utaona kompyuta ilibeba nadharia tu. Kumzalisha mama, kuweka dripu na kumpima mtoto kulibaki hospitalini, mbele ya msimamizi. Na Baraza lilikuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Mambo hayo mawili, wodi na Baraza, ndiyo yanayotenganisha kozi ya kweli na karatasi ya kununua.

Swali la kwanza: Nikimaliza, nitasajiliwa kama nani?

Usianze na "karo ni ngapi?" Anza na mwisho wa safari.

Nchini Kenya, anayekuruhusu kufanya kazi ya uuguzi si chuo. Ni Baraza la Wauguzi, lililowekwa kisheria chini ya Sura ya 257. Chuo hukupa cheti, lakini Baraza ndilo linalokufanyisha mtihani wa leseni na kukuandika kwenye rejista. Chuo kisipokuwa kimeidhinishwa nalo kufundisha kozi hiyo, cheti chako kitabaki mapambo ya ukutani.

Fanya haya matatu:

1. Fungua tovuti ya Baraza utafute orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Angalia jina la chuo, tawi, na ngazi: cheti, diploma au digrii. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi moja na kisiwe nayo ya nyingine.
2. Uliza chuo: "Mwanafunzi wenu huandikishwa na Baraza lini, nami nitapata lini nambari yangu ya indeksi?" Chuo cha kweli kitakujibu bila kuzunguka. Bila indeksi hutafanya mtihani wa leseni.
3. Ikiwa ni digrii, hakikisha pia chuo kikuu hicho kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Mtu akikwambia "hayo ya Baraza tutayashughulikia ukishalipa", jua mazungumzo yamekwisha.

Swali la pili: Mazoezi nitafanyia wodi gani?

Hapa ndipo sisi wa bara ya Mombasa tunapaswa kuwa macho zaidi. Tangazo husema "kwa mtandao", nawe wafikiri hutatoka nyumbani. Kumbe kozi inadai saa za mazoezi katika wodi ya wazazi, watoto, upasuaji, afya ya akili na kliniki za mtaani, na kila saa itiwe sahihi na msimamizi.

Huduma nyingine utazipata karibu: hospitali ya Likoni ikiwa uko upande wa kusini, Port Reitz ikiwa uko Changamwe. Lakini kwa huduma za rufaa kubwa utaelekezwa kisiwani, Coast General, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara. Wa Likoni atavuka feri. Kwa miguu ni bure, lakini foleni ya asubuhi wajua ilivyo. Wa Kisauni atapita daraja la Nyali, wa Changamwe atapita Makupa. Kama zamu yako kazini yaisha saa moja asubuhi na mazoezi yaanza saa mbili ng'ambo ya pili, je, utafika?

Kwa hiyo uliza:

- Chuo kina makubaliano ya maandishi na hospitali gani za Pwani? Au ni mimi nitakayejitafutia nafasi?
- Saa ninazofanya kazini kwangu zinahesabiwa, au lazima niwe wodi nyingine?
- Hospitali inatoza ada ya mazoezi? Nani analipa?
- Mwajiri wangu ataniachilia? Pata barua. Neno la mdomo la msimamizi wa zamu halitoshi, maana yeye aweza kuhamishwa kesho.

Swali la tatu: Nitasoma saa ngapi, kwa mtandao upi?

Kuna masomo ya moja kwa moja, ambapo mwalimu yuko hewani saa fulani nawe lazima uwepo. Kuna mengine yaliyorekodiwa, unayatazama ukipata nafasi. Anayefanya kazi usiku anahitaji haya ya pili, au angalau ahakikishiwe kwamba yale ya moja kwa moja hubaki yamehifadhiwa.

Uliza kama simu inatosha. Kusoma maelezo kwa simu kunawezekana, lakini kuandika kazi ya kurasa 15 kwa kidole gumba ni adhabu. Stima ikikatika Mishomoroni usiku wa mtihani, utafanyaje? Na mtihani wenyewe unafanywa wapi? Ikiwa ni Nairobi, panga nauli, malazi na siku za ruhusa. Treni yaondoka hapa kwetu Miritini, lakini tikiti haijikati.

Swali la nne: Karo yote, mpaka shilingi ya mwisho, ni ngapi?

Tangazo hutaja karo ya muhula. Mfuko wako hulipa zaidi ya hiyo. Tufanye hesabu ya mfano. Hizi si bei za chuo chochote. Weka zako mahali pake. Kozi ni ya miaka miwili, mihula minne:

- Fomu ya kujiunga: 3,000
- Karo, 45,000 mara 4: 180,000
- Ada za usajili na mtihani: 10,000
- Bando, 1,500 kwa mwezi kwa miezi 24: 36,000
- Safari nne za Nairobi, 7,000 kila moja: 28,000
- Nauli ya kwenda wodi, 150 kwa siku kwa siku 120: 18,000
- Sare, kitabu cha kumbukumbu za mazoezi, kuchapisha: 8,000

Jumla ni shilingi 283,000. Ukihesabu karo peke yake, ni 7,500 kwa mwezi. Ukihesabu yote, ni karibu 11,800. Tofauti hiyo ya zaidi ya elfu nne kila mwezi, kama hukuipangia, ndiyo itakayokusukuma kwenye mkopo wa simu siku ya mwisho ya kulipa karo.

Na mkopo wa simu haukutengenezwa kwa ajili ya karo. Tuseme umekopa 20,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa siku 30. Mwisho wa mwezi hukuweza kulipa yote, ukalipa ada tu, 1,600, ukausogeza mbele. Ukifanya hivyo miezi mitatu, umetoa 4,800 na bado unadaiwa 20,000. Pesa hizo ni bando la miezi mitatu na chenji inabaki. Mkopo wa simu ni wa dharura ya siku chache. Karo yajulikana tangu mapema, basi iwekewe mapema.

Ukiwa na miezi minne kabla ya masomo kuanza, weka 11,800 kila mwezi kwenye akiba iliyofungwa, ile usiyoweza kuigusa kabla ya tarehe. Itafika 47,200. Muhula wa kwanza umelipika kabla hujafungua kitabu. Kama uko kwenye chama, omba zamu yako iangukie mwezi wa karo.

Na zile kozi za Marekani za "FNP"?

Wateja wengine hukutana na matangazo ya vyuo vya Marekani yakisema waweza kuwa FNP ukiwa nyumbani. Huyo ni muuguzi wa ngazi ya juu anayehudumia familia nzima, mtoto, mama na mzee: anapima, anatambua ugonjwa na kuandika dawa. Hapa Kenya sehemu kubwa ya kazi hiyo umezoea kuiona ikifanywa na klinikal ofisa.

Kozi hizo zipo kweli, lakini soma masharti. Nadharia ni ya mtandaoni, ila viwango vya Marekani vya mwaka 2022 vinadai angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Kwa siku za saa nane, hizo ni karibu siku 94. Chuo kwa kawaida humtaka mwanafunzi awe tayari na leseni ya uuguzi ya Marekani, ambayo hupatikana baada ya kupasi mtihani wa NCLEX-RN. Kozi iwe imekaguliwa na CCNE au ACEN. Ukimaliza kuna mtihani mwingine wa kuthibitishwa, kisha leseni ya jimbo utakalofanyia kazi.

Kwa dada au kaka aliyeko Marekani na anafanya kazi ya uuguzi huko, hiyo ni njia nzuri. Kwa wewe uliye Kisauni, kabla ya kulipa ada ya fomu kwa dola, waandikie maswali mawili: "Mnapokea mwanafunzi anayeishi Kenya? Saa za mazoezi nitazifanyia wapi?" Kisha uulize Baraza letu shahada hiyo itakuingiza kwenye rejista ya hapa kama nani. Majibu yawe ya maandishi.

Tayarisha makaratasi yako

Ukisharidhika na chuo, kusanya: cheti cha KCSE, cheti cha uuguzi, leseni ya kazi ambayo muda wake haujaisha, kitambulisho, barua ya mwajiri na picha ndogo za pasipoti.

Angalia majina, herufi kwa herufi. Hapa Pwani jambo hili huchelewesha watu sana. KCSE yasema Mohamed, kitambulisho Mohammed, leseni Muhammad. Au jina la baba liko kwenye karatasi moja na kwenye nyingine halipo. Wewe wajijua ni mtu mmoja, lakini kompyuta ya chuo haijui. Uliza chuo kinakubali nini, kiapo mbele ya wakili au marekebisho rasmi, ukalimalize sasa, si wiki ya kufunga maombi.

Sasa waweza kulipa. Lipa hivi

Lipa chuo, usilipe mtu. Karo na ada ya fomu huingia kwenye Paybill au akaunti ya benki ya chuo. Nambari hiyo ichukue kwenye tovuti ya chuo au barua yako ya kujiunga, si kwenye meseji iliyosambazwa. "Ajenti" anayetaka umtumie kwenye nambari yake ili "akushikie nafasi" hana nafasi ya kukushikia. Malipo mengi ya taasisi za serikali sasa hupitia eCitizen, Paybill 222222. Hapo ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya eCitizen, toa ankara, ndipo ulipe kwa nambari ya ankara hiyo.

Nambari ya akaunti ndiyo wewe. Mahali pa "nambari ya akaunti", weka nambari ya usajili uliyopewa na chuo. Ukiweka jina lako la utani au ukaacha tarakimu moja, pesa zitafika chuoni lakini hazitafika kwako. Ndugu aliyeko Jeddah au Doha akitaka kukusaidia, mpe nambari hiyo kwa maandishi, usimsomee kwa simu.

Soma jina kabla ya PIN. Ukiona jina la mpokeaji na si la chuo, acha hapohapo. Ukishatuma kimakosa, omba kurudishiwa papo hapo, usingoje jioni. Malipo yaliyokwishaingia kwa mpokeaji si rahisi kuyarudisha bila yeye kukubali.

Kiasi cha kutuma na ada. Kwa sasa muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000. Kumbuka pia ada ya Paybill: mara nyingine hulipwa na chuo, mara nyingine na wewe, mara nyingine mnagawana. Acha salio kidogo juu ya karo, usije ukakwama kwa shilingi hamsini.

Weka kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Meseji ya malipo ina kodi ya muamala, tarehe na kiasi. Ipige picha, uinakili kwenye daftari, uitume kwa ofisi ya fedha ya chuo na uombe risiti. Simu yaweza kuanguka majini pale feri, daftari litakuwa kabatini.

Laini iwe kwa jina lako. Chuo kikikurudishia pesa, au tukihitaji kuthibitisha kwamba muamala ni wako, laini iliyosajiliwa kwa jina la mjomba itakusumbua.

PIN yako ni yako. Chuo hakiihitaji. Baraza haliihitaji. Sisi pia hatutakuuliza kamwe. Akipiga mtu akisema yuko "ofisi ya karo" na anataka PIN au kodi uliyotumiwa sasa hivi, kata simu.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Rudi sasa kwenye lile gari la Mtongwe. Meseji bado iko kwenye skrini. Jiulize:

- Nimeliona jina la chuo hiki kwenye orodha ya Baraza, kwa ngazi ninayoitaka?
- Nina jibu la maandishi kuhusu wodi nitakayofanyia mazoezi?
- Mwajiri amekubali kwa barua?
- Najua jumla ya gharama, na ninayo pesa ya muhula wa kwanza?
- Nambari ninayolipia ni ya chuo?

Ukipata "hapana" hata moja, weka simu mfukoni, nenda nyumbani ukalale. Ukiamka, piga simu Baraza na chuo. Kozi ya kweli bado itakuwepo na intake nyingine itakuja. Elfu tatu uliyomtumia mtu usiyemjua haitarudi, wala ile miezi sita utakayoipoteza ukisubiri indeksi isiyokuja.

Na ukipata "ndiyo" tano, basi lipa bila wasiwasi, andika kwenye daftari, uanze kusoma. Wodi za Likoni, Kisauni na Changamwe zinakungoja.